Mkopo wa Muuguzi, Mshahara Wake na Miaka ya Kusubiri

Habari ya kuchaguliwa kusoma shahada ya uuguzi inapofika katika kaya ya mkulima wa mtama wa Bahi au mfugaji wa Manyoni, furaha yake huambatana na swali moja: je, mshahara utakaokuja utatosha kuurejesha mkopo utakaochukuliwa? Ni swali la busara. Aghalabu hujibiwa kwa kulinganisha namba mbili tu, yaani jumla ya mkopo na mshahara wa mwezi, na kwa kipimo hicho uuguzi huonekana kuwa njia salama. Kasoro ya jibu hilo ni kwamba limeiacha nje namba ya tatu, ambayo kwa vijana wengi wa leo ni nzito kuliko hizo mbili: miaka inayopita kati ya kuvuliwa joho la mahafali na kupokea mshahara wa kwanza.

Kanuni za mkopo si siri, ingawa ni wachache wanaozisoma kabla ya kutia saini. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi hadi deni liishe. Kiwango hicho kilikuwa asilimia 8 mpaka Bunge lilipobadili sheria, hapahapa Dodoma, mwaka 2016. Aliyejiajiri hutakiwa kurejesha asilimia 10 ya kipato chake kinachotozwa kodi, na isiwe chini ya Sh 100,000 kwa mwezi. Mhitimu asiye na ajira hupewa miezi 24 tangu kumaliza masomo. Baada ya hapo deni huhesabiwa kuwa limeiva, awe amepata kazi au bado anaitafuta.

Deni lenyewe hukua kimyakimya. Posho ya chakula na malazi, ile ambayo wanafunzi huiita bumu, ni Sh 10,000 kwa siku. Kwa siku 240 za masomo kwa mwaka, bumu peke yake katika miaka minne ya shahada hufikia Sh milioni 9.6. Ikiongezwa ada, vitabu na gharama za mafunzo ya wodini, deni la Sh milioni 16 kwa mwanafunzi aliyepewa mkopo karibu wote si la kushangaza. Kiasi hicho ni mfano wa hesabu tu, kwa kuwa Bodi hupima uhitaji wa kila mwombaji na wengi hupata pungufu. Lakini ni mfano ulio karibu na maisha ya vijana wanaokaa katika mabweni ya Chuo Kikuu cha Dodoma, na unafaa kutembea nao mpaka mwisho wa hesabu.

Ichukuliwe, kwa mfano huohuo, kwamba muuguzi huyo ameajiriwa kwa mshahara wa msingi wa Sh 1,000,000. Mchango wake wa hifadhi ya jamii ni asilimia 5, yaani Sh 50,000. Kodi ya mapato ni Sh 115,500. Bima ya afya, asilimia 3, ni Sh 30,000, na ada ya chama cha wafanyakazi, asilimia 2, ni Sh 20,000. Mkopo ni Sh 150,000. Hakuna kato kubwa kuliko hilo katika hati yake ya mshahara, hata kodi haiufikii. Kinachobaki mkononi ni Sh 634,500. Kwa mwendo huo deni la Sh milioni 16 humalizika baada ya takriban miaka tisa. Si miaka michache, lakini inavumilika, na ni haki kukiri kwamba zamani hali ilikuwa mbaya zaidi. Hadi mwaka 2021 kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha. Katika deni hili tozo hiyo ingeanza kwa Sh 80,000 kwa mwezi, hivyo zaidi ya nusu ya makato ya mwanzo ingelipia tozo badala ya kupunguza deni, na safari ya miaka tisa ingekaribia kumi na tatu. Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo hiyo katika sherehe za Mei Mosi mwaka 2021 jijini Mwanza, na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kuanza kurejesha ikaondolewa mwaka huohuo. Wauguzi waliokuwa wakiona salio lisiloshuka mwaka baada ya mwaka wanaijua thamani ya uamuzi ule kuliko mtaalamu yeyote wa fedha.

Sasa muuguzi huyo awekwe kando ya mwenzake wa stashahada, aliyesoma miaka mitatu katika chuo kama cha Mvumi au Itigi na akamaliza bila mkopo. Mshahara wake wa msingi uchukuliwe kuwa Sh 700,000. Baada ya hifadhi ya jamii, kodi, bima na ada ya chama, anabaki na Sh 581,000. Kwa maneno mengine, ile Sh 300,000 inayowatenganisha wawili hawa katika barua za ajira, mkononi inageuka kuwa Sh 53,500, na hubaki hivyo kwa muda wote wa kurejesha mkopo. Zaidi ya hayo, wa stashahada alitangulia kazini. Hata ikiachwa miaka miwili ya kidato cha tano na cha sita, mwenzake wa shahada alikuwa bado na mwaka wa nne wa masomo na mwaka wa utarajali. Miaka hiyo miwili ina thamani ya takriban Sh milioni 14 mfukoni mwa wa stashahada, na bila kuhesabu posho ya utarajali wala nyongeza za mishahara, wa shahada angemfikia baada ya zaidi ya miaka kumi na miwili kazini.

Hesabu hii isisomwe kama hoja ya kuidharau shahada. Shahada hufungua mlango wa ubingwa, wa ualimu wa uuguzi na wa uongozi wa hospitali, na wodi yenye muuguzi aliyefunzwa kupima ushahidi wa tiba hunufaika naye kwa namna ambazo hati ya mshahara haiwezi kuzionyesha. Tena ulinganisho huu unabadilika. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Serikali imeanza kutoa mikopo kwa wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, afya ikiwamo, kwa hiyo muuguzi wa stashahada wa kesho naye ataanza kazi akiwa na deni. Na mishahara haikusimama: katika Mei Mosi ya mwaka 2025, iliyofanyika kitaifa Singida, ilitangazwa kwamba kima cha chini katika utumishi wa umma kingepanda kutoka Sh 370,000 hadi Sh 500,000. Kinachopaswa kukaa akilini ni kwamba katika miaka ya mwanzo ya kazi faida ya shahada kwa fedha taslimu ni nyembamba mno. Kitu chembamba hivyo hukatika kwa mvuto mdogo, na kinachokikata ni kusubiri.

Muuguzi wa mfano huu, akikaa miaka miwili bila ajira baada ya kusajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, anakuwa amekosa Sh 15,228,000 ambazo zingekuwa mkononi mwake baada ya makato yote, mkopo ukiwamo. Huo ni karibu mkopo wake mzima. Akikaa miaka mitatu, kiasi kinafika Sh 22,842,000. Mjadala wa wazi kuhusu mikopo, bungeni na barabarani, umekuwa juu ya asilimia: 8 au 15, tozo au bila tozo. Ni mjadala wa maana. Lakini kwa kijana anayesubiri, mwaka mmoja wa kukosa mshahara humgharimu zaidi ya Sh milioni 7.6, ilhali tofauti kati ya makato ya asilimia 8 na ya asilimia 15 kwa mwaka mzima, katika mshahara wa mfano wetu, ni Sh 840,000.

Kusubiri huku kuna historia. Juni 2016 Serikali ilisitisha ajira mpya ili kuwahakiki watumishi. Tarehe 28 Aprili 2017, katika ukumbi wa Chimwaga wa Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa iliyotaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na watumishi wa afya wakiwamo. Hakuna mgonjwa anayestahili kuhudumiwa kwa cheti bandia, na uhakiki ulikuwa wa lazima. Hata hivyo ni kinaya kwamba vituo vilipoteza mikono kwa siku moja, na taarifa ikasomwa katika chuo ambacho wahitimu wake halali wa uuguzi walikuwa nyumbani wakisubiri tangazo. Ajira zilirudi baadaye, lakini hurudi kwa vibali vinavyotegemea bajeti ya mwaka, na kila kibali hukutana na foleni ya wahitimu wa miaka kadhaa. Ajira za miradi ya wafadhili, ambazo zilikuwa zikipunguza foleni hiyo, nazo zimeonyesha udhaifu wake: Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje mwanzoni mwa 2025, mikataba mingi ya watumishi wa afya ilisimama nayo.

Mgonjwa anaweza kujiuliza haya yote yanamhusu nini. Yanamhusu anapofika zahanati ya kijiji katika Chemba au Ikungi na kukuta muuguzi mmoja ambaye asubuhi hupima wajawazito, mchana huchanja watoto na kugawa dawa, na usiku huamshwa kuzalisha. Mikoa ya Dodoma na Singida ilikuwa na watu zaidi ya milioni 5 katika sensa ya mwaka 2022, wengi wao wakiishi mbali na Hospitali ya Benjamin Mkapa na nyinginezo za mjini. Upungufu wa watumishi katika vituo vya pembezoni hukiriwa na Serikali yenyewe kila bajeti ya afya inaposomwa. Kwa hiyo foleni ya wauguzi wasio na kazi na foleni ya wagonjwa wasio na muuguzi zipo katika mkoa mmoja, na wakati mwingine katika kata moja.

Yanamhusu pia kwa njia isiyoonekana kirahisi. Muuguzi anayebaki na Sh 634,500, mwenye kodi ya nyumba jijini Dodoma ambako bei za vyumba zimepanda tangu Serikali ihamie, na mwenye wadogo zake wawili wanaomtegemea kwa sare na madaftari, hutafuta zamu ya pili katika kituo binafsi. Hutoka zamu ya usiku na kuingia nyingine. Mikono iliyochoka ndiyo inayopima dozi ya oksitosini na kusoma namba za shinikizo la damu. Kumlaumu kwa tabia mbaya, kama inavyofanywa katika vikao vingi vya malalamiko ya wateja, ni kuanzia mwisho wa hadithi.

Katikati ya ajira na kukosa ajira kuna kundi la tatu: wanaojitolea. Katika hospitali na vituo vingi vya nyanda hizi wapo wahitimu waliosajiliwa, wenye leseni, wanaoshika zamu kamili kwa posho ya nauli inayotoka katika mapato ya kituo, na mahali pengine bila chochote. Hufanya hivyo ili mikono isisahau kazi, na kwa matumaini kwamba nafasi ikitoka watafikiriwa. Kwa mujibu wa kanuni, huyu hana mshahara, kwa hiyo hakuna wa kumkata. Lakini miezi yake 24 inapita kama ya mwingine yeyote. Nchi inapokea kazi yake na wakati huohuo inamhesabu kuwa mdaiwa. Hapa ndipo dhuluma ya mfumo ilipo, kubwa kuliko ya asilimia yoyote.

Nchi nyingine zimelipitia jambo hili. England iliondoa ruzuku ya wanafunzi wa uuguzi mwaka 2017 na kuweka mikopo mahali pake. Maombi ya kusoma uuguzi yalishuka kwa zaidi ya moja ya tano katika mwaka wa kwanza, na kufikia Septemba 2020 Serikali ililazimika kurudisha ruzuku ya angalau pauni 5,000 kwa mwaka. Marekani ilichagua njia tofauti: muuguzi anayekubali kufanya kazi miaka miwili katika kituo chenye upungufu hulipiwa na Serikali ya shirikisho asilimia 60 ya deni lake la masomo, na akiongeza mwaka wa tatu hulipiwa asilimia 25 nyingine ya deni la awali. Njia ya Marekani haiwezi kuigwa nzima nzima, maana bajeti hazilingani. Wazo lililo ndani yake, hata hivyo, linaifaa Dodoma kuliko linavyoifaa Chicago: utumishi mahali pagumu ni malipo, na unaweza kuandikwa katika daftari la deni.

Pendekezo linalofuata ni la kiasi. Kila mwaka kamili ambao muuguzi aliyesajiliwa anautumikia katika zahanati au kituo cha afya cha kijijini ufute sehemu ya kumi ya deni lake, na mwaka wa kujitolea uliothibitishwa na halmashauri uhesabiwe hivyohivyo, tena saa ya miezi 24 isimame kwa muda wote wa kujitolea. Kwa deni la mfano, sehemu hiyo ni Sh milioni 1.6 kwa mwaka. Kiasi hicho ni chini ya mishahara ya msingi ya miezi miwili ya muuguzi huyohuyo, na kwa anayejitolea ndicho kitu pekee ambacho Taifa litakuwa limemlipa.

Zipo pingamizi, na iliyo nzito ni ya Bodi yenyewe: fedha zinazorejeshwa leo ndizo zinazomsomesha mwanafunzi wa kesho, hivyo kila deni linalofutwa ni kitanda kinachoondolewa bwenini. Ni kweli. Kwa sababu hiyo, deni lisifutwe na Bodi bali lilipwe kwa Bodi na Hazina kupitia fungu la afya, kama gharama ya kuwa na muuguzi katika zahanati ambayo vinginevyo ingebaki na mmoja au isingekuwa naye kabisa. Pingamizi nyingine huuliza kwa nini wauguzi na si walimu. Mwalimu wa hisabati wa Kondoa vijijini ana hoja ileile, na haki yake haipungui kwa muuguzi kutangulia. Wapo pia wanaosema vijana watatumikia miaka michache kisha wakimbilie mjini. Baadhi watafanya hivyo. Kijiji kilichokuwa na muuguzi kwa miaka mitatu kina watoto waliochanjwa katika miaka hiyo mitatu, na chanjo hairudishwi.

Wakati sera ikisubiriwa, familia zinaweza kufanya uamuzi kwa macho yaliyofunguka. Kijana mwenye mwelekeo wa uuguzi na nyumba isiyo na akiba hapaswi kuona haya kuanza na stashahada, kuajiriwa, kisha kuomba ruhusa ya masomo yenye malipo ili asome shahada akiwa na mshahara. Njia hiyo ni ndefu na ina usumbufu wake, hususan wa kubadilishiwa cheo baada ya kuhitimu, jambo ambalo huweza kuchelewa. Lakini humwondolea ile miaka mitupu iliyo ghali kuliko deni. Anayechagua shahada moja kwa moja akope kinachohitajika tu, na bumu lisigeuke mtaji wa simu mpya. Akiajiriwa, hata katika zahanati binafsi ya mtaani, ahakikishe mwajiri ameiarifu Bodi na kwamba kinachokatwa kinafika, kisha aombe taarifa ya salio lake kila mwaka. Deni likiisha, adai cheti cha kumaliza mkopo na kuhakikisha makato yamekoma mwezi unaofuata.

Wanaojitolea nao wahifadhi barua ya kupokelewa, nakala za ratiba za zamu na uthibitisho wa muuguzi mfawidhi. Kwa sasa karatasi hizo hazipunguzi hata shilingi moja ya deni. Majina yao, hata hivyo, tayari yamo katika rejista za vituo, na kila mganga mkuu wa wilaya anaweza kuyakusanya kwa wiki chache: nani anajitolea, wapi, tangu lini, na anadaiwa kiasi gani. Mikoa ya Dodoma na Singida ina halmashauri 15. Bunge la bajeti huanza kuketi Dodoma mwezi Aprili, na orodha 15 zinaweza kuwa mezani kabla makadirio ya afya hayajasomwa.